Jarida limeandika "tumia Harvard". Harvard ipi, wakuu?

#1 Mtoto wa Paje (mleta uzi)

Wakuu, salamu. Naomba msaada wa waliokwisha kupita njia hii.

Nimetoa makala kwenye tasnifu yangu ya uzamili. Inahusu akina mama wanaolima mwani pwani ya mashariki ya Unguja, Paje mpaka Jambiani, na jinsi kipato chao kilivyobadilika tangu cottonii, aina ya mwani, ilipoanza kufa mashambani. Nimekaa nayo miezi 8. Nikaituma kwenye jarida moja la huku huku kwetu Afrika Mashariki, jina naliweka kando. Siku ya 11 ikarudi, haijafika hata kwa wahakiki. Barua ina mistari miwili, na wa pili unasema marejeleo hayafuati mtindo wa jarida, nirekebishe ndipo nitume upya.

Nikarudi kwenye mwongozo wao kwa waandishi. Kuhusu marejeleo wameandika hivi tu: tumia mtindo wa Harvard. Hakuna mfano hata mmoja.

Mimi nilitumia mtindo wa APA, kwa sababu darasani tuliambiwa APA na Harvard ni kitu kimoja kwa majina mawili. Sasa nimepakua miongozo mitatu ya vyuo vya Uingereza, yote imeandikwa Harvard juu, na yote haifanani. Mmoja unatia mwaka kwenye mabano, mwingine hautii. Mmoja unataka jina la jarida kwa italiki, mwingine unataka kichwa cha makala kwenye alama za kunukuu.

Nifuate upi?

#2 Shombo la Pweza

Ngoja waje wajuzi. Nimeweka kambi hapa, na mimi yangu iko njiani.

#3 Ticha wa Njombe

Mkuu usiumize kichwa. Harvard ni mtindo rasmi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Achana na miongozo ya Waingereza, ingia tovuti ya chuo chenyewe, pakua kitabu chao, fuata neno kwa neno.

#4 Mkutubi Mstaafu

Ticha, kwa heshima, hapo sivyo. Nimekaa dawati la maulizo la maktaba ya chuo miaka 22 na swali hili nimelijibu mara nyingi kuliko lolote lile. Kitabu rasmi cha Harvard hakipo, na chuo hicho hakiudai mtindo huo kuwa ni mali yake. Jina linatokana na mtaalamu wa wanyama aliyefundisha pale, Edward Laurens Mark. Mwaka 1881 alichapisha makala ndefu sana kuhusu yai la konokono asiye na gamba, na humo akatia jina la mtu na mwaka kwenye mabano katikati ya maelezo, pale ambapo wenzake wangeteremsha tanbihi. Watu wakaiga. Eli Chernin aliifuatilia habari hiyo akaiandika kwenye British Medical Journal mwaka 1988.

Kwa hiyo jarida likisema Harvard, limekwambia mambo mawili tu: jina na mwaka ndani ya matini, orodha ya alfabeti mwishoni. Mabano, mkato, nukta, italiki, herufi kubwa, hayo kila jarida linajikatia lenyewe. Vyuo vingi vya Uingereza vinafuata kitabu cha Cite Them Right, lakini mhariri wako halazimiki nacho.

Fanya hivi. Fungua toleo lao la karibuni kabisa. Chukua mstari mmoja wa orodha yao ya marejeleo, makala ya jarida, uweke hapa kama ulivyochapwa. Chini yake weka mstari wako wa aina hiyo hiyo. Majina yafiche.

#5 Ticha wa Njombe

Nimekubali, Mkutubi, asante kwa kunisahihisha. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo na nimekuwa nikifundisha hivyo hivyo. Ila kuhusu APA na Harvard kuwa kitu kimoja, hapo aliyemfundisha mleta uzi hakukosea sana. Ni ukoo mmoja.

#6 Mzamivu 2019

Ukoo mmoja ndiyo, mtu mmoja hapana. APA ina mwenyewe. Ni Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, na walianza mwaka 1929 kwa maelekezo ya kurasa 7 tu ndani ya jarida lao la Psychological Bulletin. Leo ni kitabu kizima na kina matoleo. Ukiandika APA lazima useme ni ya 6 au ya 7, maana zinatofautiana. Ya 7 imeondoa mji wa mchapishaji. Ya 7 inataka "et al." (yaani na wenzake) tangu mara ya kwanza waandishi wakifika watatu, wakati ya 6 ilikutaka utaje watatu mpaka watano wote mara ya kwanza. Ukichanganya hayo mawili, mhariri anayejua anaona ukurasa wa kwanza kabisa.

#7 Kifaru Mweupe

APA 7 ya mwaka 2020, nyongeza kidogo kwa mkuu hapo juu.

#8 Mkutubi Mstaafu

Kwenye jalada ni 2020. Madukani ilitoka Oktoba 2019. Ukiiorodhesha unaandika 2020.

#9 Mtoto wa Paje

Mkutubi, huu hapa, kama ulivyoagiza. Nimetumia jina Fulani kila mahali.

Wao:
FULANI, A.B. na FULANI, C.D. 2016. Kichwa cha makala. *Jina la Jarida* 12: 45-60.

Mimi:
Fulani, A. B., & Fulani, C. D. (2016). Kichwa cha makala. *Jina la Jarida*, *12*(3), 45–60. https://doi.org/...

(Yao ni ya Kiingereza, kwa hiyo hiyo "na" yao ni neno kamili la Kiingereza. Mimi nimetia &.)

#10 Mkutubi Mstaafu

Ahsante. Umeona mwenyewe? Tuhesabu polepole.

Majina yao ni ya herufi kubwa. Herufi za kwanza zimeshikana, zako zina nafasi katikati. Kabla ya kiunganishi hawana mkato. Kiunganishi ni neno kamili. Mwaka hauna mabano. Baada ya jina la jarida hawana mkato. Namba ya juzuu haina mlazo. Namba ya toleo ndani ya juzuu hawaitaji kabisa. Kabla ya kurasa wana nukta mbili, wewe una mkato. Kistari chao ni kifupi, chako kirefu. DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, hawaweki.

Tofauti 11 kwenye mstari mmoja. Una marejeleo mangapi?

#11 Mtoto wa Paje

63.

#12 Shombo la Pweza

63 mara 11... Pole sana ndugu yangu.

#13 Ticha wa Njombe

Basi jibu limepatikana. Aliweka APA, jarida lina Harvard yake lenyewe, makala ikarudi. Uzi ufungwe.

#14 Mzamivu 2019

Usifungwe bado, Ticha. Mimi nakaa upande wa pili wa meza, nasaidia uhariri kwenye jarida dogo la idara yetu, na sijawahi kuona makala ikirudishwa kwa sababu ya mkato na nukta peke yake. Hizo tunazinyoosha wenyewe wakati wa kupanga kurasa. Majarida makubwa yamelegeza zaidi: mengi ya mchapishaji Elsevier yanapokea mtindo wowote kwenye utumaji wa kwanza, ilimradi uwe mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, wanakutaka uunyooshe baadaye.

Kinachoturudisha nyuma ni kutolingana. Mtu katajwa ndani, mwishoni hayupo. Mwishoni yupo, ndani hajatajwa. Ndani ni 2014, mwishoni ni 2015. Hapo mhariri anajiuliza kama mwandishi kweli alisoma alichokitaja. Anachofanya ni kuandika ule mstari wa jumla, "hayafuati mtindo", kwa sababu hana muda wa kukuorodheshea.

Mtoto wa Paje, chapa makala yako kwenye karatasi. Chukua kalamu, kila jina ndani ya matini lipigie alama kwenye orodha. Usitumie kompyuta, macho yanaruka.

#15 Mtoto wa Paje

Nimefanya usiku huu. Nimetoka na mambo mawili. Moja, kuna mtu nimemwandika 2011 ndani na 2012 mwishoni. La pili limenichanganya. Sura ya kwanza nimeandika jina kamili la kisayansi la mwani wa spinosum, *Eucheuma denticulatum* (N.L. Burman) Collins & Hervey. Collins na Hervey hawamo kwenye orodha yangu. Je, nao ni marejeleo? Niliwanakili tu kutoka kitabu cha mimea ya baharini.

#16 Mzamivu 2019

Hiyo ndiyo iliyokurudisha. Majina mawili yenye & katikati, hayapo mwishoni. Mtu wa idara ya uchumi akiona vile anasoma "rejeo limekosekana".

#17 Bi Mkunazi

Wanangu, subirini. Mimi ni mtu wa mimea. Yale siyo marejeleo. Ni majina ya walioupa mmea jina. Burman yumo kwenye mabano kwa sababu yeye ndiye aliyeueleza mwanzo, chini ya jenasi nyingine. Collins na Hervey ndio walioupeleka kwenye *Eucheuma*. Cottonii nayo ni hivyo hivyo, *Kappaphycus alvarezii* (Doty) Doty ex P.C. Silva. Hayo hutajwa mara moja tu, mwanzoni, kisha unaendelea kwa jina la mlazo peke yake. Kwenye orodha hayaingii, isipokuwa kama umesoma maandishi yao ya asili na umeyatumia.

Huyo mhariri kama ni wa sayansi ya bahari hakukosea hapo hata kidogo. Kama ni wa sayansi ya jamii, inawezekana. Jarida lenyewe ni la nini?

#18 Mtoto wa Paje

Maendeleo na mazingira, Bi Mkunazi. Mchanganyiko.

#19 Bi Mkunazi

Basi sina hakika upande wowote. Ila kama ni jarida la wachumi, ondoa majina hayo, waachie spinosum na cottonii kama wanavyosema wakulima wenyewe, na jina la mlazo mara moja. Mama yangu mdogo amelima spinosum tangu mwanzo mwanzo, miaka ile ya 1989 na 1990 ilipoletwa mbegu kutoka Ufilipino, na hajawahi kumsikia Hervey.

#20 Ngosha Daktari

Niingie na mimi. Sisi wa tiba tunatumia Vancouver, namba ndani ya matini, orodha kwa mpangilio wa kutokea. Nilifanya utafiti wangu wa malaria Mwanza nikaandika namba zote kwa mkono, 1 mpaka 41. Msimamizi akasema ongeza chanzo kimoja aya ya kwanza. Chanzo kimoja tu! Namba 2 ikawa 3, 3 ikawa 4, mpaka 42. Nikazibadilisha usiku kucha. Mwishoni nilipokagua, namba 17 ilikuwa inamtaja mtu aliyeandika kuhusu vyandarua mahali nilipokuwa naeleza dawa. Ndipo nikajifunza Zotero, programu ya kupanga marejeleo, na ni ya bure.

Mtoto wa Paje, hizo 63 huna haja ya kuzigusa moja moja. Ingiza zote kwenye Zotero, chagua mtindo, inageuka yenyewe.

#21 Kifaru Mweupe

Vancouver ndiyo ile ya chuo kikuu cha Vancouver, Kanada, au nachanganya?

#22 Ngosha Daktari

Siyo ya chuo. Wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana mjini Vancouver mwaka 1978 wakubaliane namna moja ya kupokea makala. Mwaka uliofuata masharti yao yakachapishwa. Mji ukabaki na jina.

#23 Binti Eldoret

Hujambo Mtoto wa Paje, nakusalimu kutoka Kenya. Daktari amesema kweli lakini ameruka hatua. Katika Zotero utachagua mtindo gani, na jarida lako halimo? Hifadhi yao ina mitindo zaidi ya 10,000, na ukiandika Harvard peke yake utapata mlolongo mrefu wa Harvard za vyuo na majarida mbalimbali. Mimi nilipotea humo siku mbili nikiandika kuhusu mashairi ya Kiswahili.

Kilichonisaidia ni kifaa kiko editor.citationstyles.org. Kuna sehemu ya kutafuta kwa mfano. Inakuonyesha chanzo kimoja kilichopangwa, wewe unakifuta na kukiandika upya kama jarida lako linavyotaka: herufi kubwa, bila mabano, nukta mbili, kila kitu. Halafu inakutafutia mtindo uliokaribia zaidi. Chukua ule mstari wako wa #9, uliouita "Wao", uupange kwa namna hiyo. Ukipata unaofanana isipokuwa mambo mawili matatu, utayarekebisha hayo tu mwishoni.

Angalizo moja. Ukimaliza kabisa, hifadhi nakala, kisha katika ile nakala ondoa viungo vya Zotero ndipo uguse kwa mkono. Ukigusa kabla, itarudisha kila kitu ilivyokuwa.

#24 Shombo la Pweza

Binti Eldoret umeshusha nondo. Nimeinakili yote.

#25 Mtoto wa Paje

Nimefuata. Umetokea mtindo wa jarida la ikolojia unaokaribiana sana, umekosa herufi kubwa za majina tu. Lakini tazameni Zotero ilichonipa kwa ripoti ya sensa niliyoivuta kutoka mtandaoni:

Takwimu, O. ya T. ya. 2013.

Ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu! Imedhani Takwimu ni jina la ukoo.

#26 Ngosha Daktari

Hahaha, Mzee Takwimu kapata ukoo. Hata mimi Shirika la Afya lilinitokea hivyo hivyo. Ukifungua rekodi ile, kando ya jina la mwandishi kuna kitufe kidogo kinachogeuza sehemu mbili za jina kuwa moja. Bonyeza, andika "Ofisi ya Taifa ya Takwimu" kwa ukamilifu, haitaikata tena. Fanya hivyo kwa wizara, mashirika, na halmashauri zote ulizozitaja.

#27 Mkutubi Mstaafu

Na ukiwa humo, kagua vichwa vya makala. Vingine vimeingia kwa herufi kubwa kila neno. Zotero inaweza kuvigeuza kutoka vidogo kwenda vikubwa kwa urahisi, lakini kinyume chake lazima uiamuru wewe kwa kila rekodi, kisha upitie majina ya mahali, isije Zanzibar ikaandikwa kwa z ndogo.

Narudia nilichosema dawatini kila siku: programu inapanga ulichoiwekea. Ukiiwekea takataka inazipanga vizuri sana.

#28 Mzamivu 2019

Hapo Mkutubi na mimi tuko pamoja. Na ndiyo maana bado nasema tatizo la mleta uzi halikuwa APA. Wangeona "Takwimu, O. ya T. ya" kwenye orodha, wangeirudisha hata kama kila mkato uko mahali pake.

#29 Mtoto wa Paje

Lakini mkuu, hiyo sikuituma. Mara ya kwanza niliandika kwa mkono, Ofisi ilikuwa sawa.

#30 Mzamivu 2019

Sawa, hiyo naifuta. Ya mwaka 2011 na 2012 bado iko.

#31 Wakili Makini

Habari za humu. Nimesoma uzi wote kimya kimya mpaka nikaona hakuna aliyeuliza kuhusu sheria. Mtoto wa Paje, umetaja sheria yoyote?

#32 Mtoto wa Paje

Ndiyo, moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Nimeiweka kwenye orodha chini ya T, Tanzania.

#33 Wakili Makini

Ndugu yangu, achana na T kwanza. Sheria ile ya 2004, Sura ya 191, ni ya Tanzania Bara. Mazingira si jambo la Muungano. Paje iko Zanzibar, na Zanzibar ina sheria yake ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 2015. Mhariri wa jarida la mazingira akiona umesimamisha hoja ya Paje juu ya sheria ya Bara, atasimama hapo hapo.

Kuhusu mtindo: sisi sheria tunaitaja kwa jina, namba na mwaka, kwa kawaida kwenye tanbihi, na mwishoni tunazitenga sheria na kesi kwenye orodha yao. Jarida la jina na mwaka mara nyingi linakutaka uiingize kwenye orodha moja na vitabu. Tazama kama toleo lao la karibuni lina sheria ndani, uige.

#34 Mtoto wa Paje

Wakili, umeniokoa. Niliichukua kutoka tasnifu ya mtu mwingine, sikuifungua mwenyewe. Naibadilisha leo, na safari hii naisoma.

#35 Bi Mkunazi

Na mahojiano je? Umewahoji akina mama wangapi, na umewatajaje?

#36 Mtoto wa Paje

34. Nimeandika kwenye mabano "mahojiano binafsi, Paje, Machi" kwa kila nukuu.

#37 Mzamivu 2019

Kama ungebaki APA, hapo ungekosea. APA 7 inasema maneno ya washiriki wa utafiti wako ni sehemu ya data, si mawasiliano binafsi. Huyatii kwenye orodha na wala huyataji kama chanzo. Unasema tu ni mkulima wa namna gani: "mkulima wa Paje, miaka 20 shambani". Mawasiliano binafsi ni ya mtu wa nje ya sampuli yako, mathalani afisa aliyekujibu kwa barua pepe. Harvard ya jarida lako sijui inasemaje, angalia wenzako walivyofanya.

#38 Asha wa Wete

Jamani mimi nina kisa tofauti kidogo, lakini ni humu humu. Nimechapisha makala mbili. Ya kwanza mhariri alinipanga kwa jina la babu, kama inavyokuwa kwetu, jina langu, la baba, la babu, akachukua la mwisho. Ya pili mhariri mwingine akachukua jina la baba akadhani ndilo ukoo, la babu akalifanya herufi. Sasa mtandaoni mimi ni watu wawili. Mmoja ana makala moja, wa pili naye moja. Nilipoomba kupandishwa daraja kazini niliulizwa huyu wa pili ni nani.

#39 Mkutubi Mstaafu

Asha, kisa chako ni cha watu wengi wa pwani, na wa Bara pia. Mitindo yote hii imetungwa kwa watu wenye jina la ukoo. Waisilandi hawana, na vitabu vya mitindo vimewakubalia wapangwe kwa jina la kwanza. Sisi sijaona popote tulipokubaliwa kwa maandishi. Jisajili ORCID, daftari la namba za watafiti, ni bure, ipo tangu 2012. Unapewa namba ya tarakimu 16, unaziingiza makala zote mbili chini yake. Na tangu leo chagua umbo moja la jina lako, ulitumie hilo hilo kila mahali. Wengine wanaunganisha la baba na la babu kwa kistari.

#40 Asha wa Wete

Nashukuru sana. Kistari sikipendi, inakuwa kama nimeolewa na babu. Namba nitachukua.

#41 Shombo la Pweza

Mie kidogo tu. Kichwa cha ile orodha mwishoni, kwa makala ya Kiswahili, ni MAREJEO au MAREJELEO? Msimamizi wangu kanikatia ya kwanza kwa kalamu nyekundu.

#42 Binti Eldoret

Marejeleo. Kitenzi ni kurejelea, yaani kurejea kwenye kitu. Marejeo ni kurudi, kama mtu aliyerejea nyumbani.

#43 Ticha wa Njombe

Binti, hapo ni mimi na wewe. Tasnifu nyingi za zamani huku kwetu zimeandikwa Marejeo, na hakuna aliyepotea. Mtu anarudi kwenye kitabu alichokisoma, ndiyo marejeo yenyewe.

#44 Binti Eldoret

Anarudi kwenye kitabu, hiyo "kwenye" ndiyo inayoleta -lea, mwalimu wangu.

#45 Mkutubi Mstaafu

Wengine wanaandika Bibliografia. Shombo, fanya kama nilivyomwambia Mtoto wa Paje: fungua toleo la karibuni la jarida unalolipelekea. Ukishakuwa humo angalia na "et al." wanaiandika hivyo au "na wenzake", na ukurasa ni "uk." au nukta mbili. Ugomvi wa Ticha na Binti utaendelea, wewe utakuwa umeshachapishwa.

#46 Ticha wa Njombe

Hatugombani, tunajenga.

#47 Mtoto wa Paje

Wakuu, nimerudi baada ya siku 6.

Nimebadilisha yote 63. Sheria nimeisoma na kuibadilisha. Collins na Hervey nimewatoa. Mwaka wa yule mtu ni 2012, nimefungua makala yenyewe. Mahojiano nimeyaandika kama Mzamivu alivyosema. Halafu kabla ya kutuma nikamwandikia mhariri kwa adabu, nikamuuliza kilichokuwa na kasoro hasa ni kipi. Kanijibu jioni ile ile: fuata makala za toleo letu la mwisho.

Nimelifungua toleo la mwisho, limetoka wiki hii. Makala ya kwanza ina majina kwa herufi kubwa na mwaka bila mabano, kama nilivyowawekea #9. Makala ya nne ina majina ya kawaida, mwaka kwenye mabano, na DOI.

#48 Mzamivu 2019

Nilisema. Mkato si hoja kwao.

#49 Mkutubi Mstaafu

Au wamebadilisha mwongozo katikati na ya kwanza ilipokelewa kabla. Tazama tarehe za kupokelewa chini ya ukurasa wa kwanza wa kila moja.

#50 Mtoto wa Paje

Ya kwanza ilipokelewa Februari. Ya nne ilipokelewa Februari, siku 9 baadaye.

#51 Bi Mkunazi

Waandishi wa ya nne ni wa fani gani?

#52 Mtoto wa Paje

Saikolojia ya jamii.

#53 Ticha wa Njombe

Hao ni APA damu damu. Waliandika kama walivyozoea, mhariri akawaachia.

#54 Mkutubi Mstaafu

Inawezekana. Weka hapa mstari mmoja wa ile ya pili na mmoja wa ya tatu, majina yafiche kama mwanzo.

#55 Mtoto wa Paje

Nipe dakika 10, umeme umerudi sasa hivi.